Siku moja Jozani, kwa mnaodhani tunalipwa kutazama kima

Saa kumi na mbili na nusu natoka Kitogani kwa baskeli kwenda msitu wa Jozani, hapa Unguja, ninakoongoza wageni. Saa moja na nusu nishavaa buti, tunaondoa matawi yaliyoanguka njiani. Mpaka saa tano ni wageni, kima punju, picha, daraja la mikoko, kurudi.

Saa tano na nusu akaja mzee kutoka Dar na wajukuu zake. Kima, kasema, kawaona bure barabarani. Anataka kitu cha kulipia. Nikawaingiza msituni, nikawaomba wanyamaze. Wakanyamaza kidogo, simu ikalia, wakanyamaza tena. Hatimaye njule akatokea: pua ndefu inachokora majani makavu, mgongo mweusi, mbavu rangi ya kutu.

"Kijana, si panya buku huyu?"

"Hata kidogo, mzee. Ukoo wake uko karibu na tembo kuliko panya."

"Tembo!" Akacheka kwa sauti. Njule huyoo.

Mjukuu wa kike akauliza mnyama gani hapa ni adimu zaidi. Nikamwambia chura. Yupo chura wa Jozani, Kassina jozani, wanasayansi walimtambulisha rasmi mwaka 2006, na hajulikani kuishi pengine popote duniani. Njule anao wenzake Mafia na pwani ya bara. Chura hana pa kuhamia. Njule anahofia mbwa wa wawindaji na shoka. Chura, dimbwi likikauka kabla viluwiluwi hawajaota miguu, kizazi kimekwenda.

"Nionyeshe basi."

"Mpaka usiku, mzee, na mvua inyeshe."

"Kwa hiyo nimelipia panya, na chura ni wa ahadi?"

Akataka nusu ya pesa zake. Tiketi sikati mimi! Tukabishana mpaka getini, na pale akawaonya wageni waliokuwa wakishuka garini wasikubali kuonyeshwa panya. Wali wangu ulipoa. Yule binti lakini alirudi mbio kuuliza kama njule humla chura. Nikamwambia chakula chake ni wadudu, mchwa na minyoo, tena mmoja ni wa mchana na mwenzake wa usiku. Akaandika. Babu akapiga honi.

Baada ya hapo sikumbuki saa. Mvua, kundi jingine, mvua. Giza lilipoingia kijana anayejifunza kazi akaniomba nimpeleke madimbwini akasikie vyura, kazi isiyo na malipo. Nikaenda, maji yakifika ugokoni, magoti yananiuma, nikimfundisha kutofautisha sauti mpaka tukapiga chafya sote wawili.

Nyumbani nikakuta ujumbe wa dereva: kesho saa mbili, wageni sita, wanataka kima tu. Nikamjibu sawa.