Maji Haya ni ya Wanamichezo

Binti mwenye kalamu ya wino mzito aliushika mkono wangu wa kushoto, akainyoosha ngozi kwa kidole gumba, akaandika 147 kwa tarakimu kubwa kuanzia chini ya bega hadi karibu na kiwiko. Kisha akachutama, akaniandika umri wangu, 36, kwenye shavu la mguu. Hakusema neno juu ya ukubwa wa mkono wala wa mguu. Aliniambia tu, "Usiguse mpaka ukauke, dada," akamwita anayefuata. Nilibaki pale mchangani nikiutazama mkono ule kama wa mtu mwingine. Asubuhi hiyo nilikuwa na kilo 112.

Nilijiandikisha kwenye mashindano haya ya triathloni, ya kuogelea, baiskeli na kukimbia, miezi saba kabla, na karibu kila niliyemweleza alinijibu jibu lile lile: punguza kwanza, ndipo ushindane. Walisema kwa mapenzi, wengine kwa kuhofia moyo wangu na magoti yangu. Daktari niliyemwendea aliniuliza nalalaje, napumuaje nikipanda ngazi, goti lipi huuma na wakati gani. Akanipima presha, akausikiliza moyo, akaniambia nianze taratibu nirudi baada ya wiki 8. Sharti la mizani hakunipa. Sharti hilo nilikuwa nimejiwekea mwenyewe tangu nikiwa na miaka 20: nitaogelea mbele za watu nikipungua, nitavaa nguo ya kubana nikipungua, nitakimbia barabarani nikipungua. Miaka 16 ilipita hivyo hivyo. Hiyo ndiyo inayoniuma hadi leo, kuliko neno lolote nililowahi kuambiwa na mtu.

Triathloni fupi, ile wanayoiita sprinti, ni mita 750 za kuogelea, kilomita 20 za baiskeli na kilomita 5 za kukimbia, moja baada ya nyingine, na saa haisimami hata unapobadilisha viatu. Kuogelea nilikuwa nakujua tangu utotoni. Baiskeli ilinichukua mwezi kuizoea. Kukimbia ndiko kulikonitoa machozi. Katika kila hatua ya kukimbia, mguu hupokea nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili, na mwili wangu uliniambia hivyo kabla sijakisoma popote. Nilianza kwa kukimbia dakika moja na kutembea mbili, usiku, nikipita upande wenye giza. Ilifika wiki ya kumi ndipo nikaanza kwenda asubuhi, watu wakiniona.

Nguo ilikuwa vita nyingine. Vazi la triathloni ni moja tu, unaogelea nalo, unaendesha nalo, unakimbia nalo. Kubwa kuliko yote niliyoyapata liligoma kufunga zipu juu ya kitovu. Fundi alinichania ubavuni pande zote mbili, akaongeza vipande vya kitambaa cha kuvutika, akashona mshono bapa ili usinichubue. Alinipima kimya kimya, kwa heshima, akaniambia niinue mikono kama naogelea ili aone panapobana. Sijawahi kushonewa nguo kwa uangalifu namna ile.

Usiku wa kuamkia mashindano usingizi haukuja, nikarudia kusoma habari ninayoipenda, ya triathloni ya kwanza kuitwa kwa jina hilo. Ilifanyika Mission Bay, San Diego, Marekani, tarehe 25 Septemba 1974, jioni, washiriki 46. Siku hiyo kuogelea kuliwekwa mwisho, na waliochelewa giza likawakuta majini. Basi magari yakageuzwa yakawamulikia maji kwa taa zake. Picha hiyo imenikaa moyoni. Kuna watu walioona kuwa wa mwisho bado yumo kwenye mashindano, na kwamba anahitaji mwanga kama alivyouhitaji wa kwanza.

Marekani pia wana madaraja ya uzito katika mchezo huu. Wanaume wa kuanzia pauni 220, karibu kilo 100, huitwa Clydesdale, jina la farasi wakubwa wa kukokota mizigo wenye asili ya Uskoti. Wanawake wa kuanzia pauni 165, karibu kilo 75, huitwa Athena. Mashindano yangu hayakuwa na daraja la namna hiyo, tulipangwa kwa umri tu, na mimi ningelitaka. Medali haikuwa hoja. Mabondia na wanyanyua vyuma hupangwa kwa uzito, na hakuna anayedhani kwamba kwa kufanya hivyo wamedharauliwa.

Wanaume waliondoka saa moja kamili asubuhi. Sisi wenye kofia za rangi ya machungwa tuliondoka dakika tano baadaye. Maji yalikuwa yamekupwa, tukakimbia mchanga mgumu wenye mistari ya mawimbi, kisha maji ya vifundoni, ya magotini, ya mapajani. Mapaja na kwapa nilikuwa nimezipaka mafuta ya mgando mpaka vidole vinateleza. Filimbi ilipolia nilikaa pembeni kulia, nyuma kidogo, nisikanyagane na walio na haraka. Maji yalipofika kiunoni nikajitupa.

Na hapo mwili wangu ulifika kwao. Sijui nilieleze vipi kwa mtu ambaye hajawahi kubeba kilo nyingi nchi kavu siku nzima. Mafuta ya mwilini ni mepesi kuliko maji, na maji ya chumvi hubeba kuliko maji yasiyo na chumvi, hivyo nyonga zangu zilikaa juu bila mimi kuzihangaikia. Nimewaona wanaume wembamba, misuli mitupu, miguu yao ikizama kama nanga na wao wakiipigania kila mita. Mimi nililala juu ya bahari kama mtumbwi. Kazi yangu ilikuwa kuvuta mkono, kupeleka bega mbele, kutoa pumzi ndani ya maji, kugeuza uso, kuvuta hewa. Kila baada ya pumzi ya sita nilinyanyua macho kutafuta boya. Boya la kwanza lilikuwa na kamba imeota majani ya kijani, na nilipita karibu nayo hadi nikaona samaki wadogo wamejificha chini yake, hawana habari na mashindano yetu.

Kwenye boya la pili nilizipita kofia mbili za machungwa. Kabla ya la tatu nikaipita kofia ya buluu, ya mwanamume. Mtu mmoja alinipiga kisigino cha shavu, miwani ikaingia maji, nikageuka chali, nikaitoa, nikaimwaga, nikaivaa. Sikuogopa. Chali vilevile nilielea bila kutikisa chochote, nikiangalia mbingu, na nadhani nilikaa hivyo sekunde chache zaidi ya ilivyolazimu.

Nilipotoka majini miguu ilinikumbusha uzito wake mara moja. Mdogo wangu alikuwa kando ya kamba, amepoteza sauti kwa kelele.

"Dada! Nyuma yako kuna watu! Dada, geuka uone, bado wako baharini!"

Niligeuka. Kofia zilikuwa zimetapakaa kuanzia boya la tatu mpaka ufukweni, za machungwa na za buluu.

Baiskeli sina mengi ya kusema. Nilifunga kofia ngumu kidevuni kabla sijaigusa baiskeli, kwa sababu sheria ndiyo hiyo na waamuzi husimama hapo kuangalia, nikaisukuma hadi mstari wa kupandia. Barabara ilikuwa tambarare kandokando ya bahari, mizunguko minne. Kwenye tambarare kinachokupinga zaidi ni upepo, na uzito haukuumizi sana. Palikuwa na kilima kimoja kifupi, nacho nikakilipia mara nne. Wengi niliowaacha majini walinipita, na mmoja akanipigia kengele akasema, "Safi sana, namba 147!" Upepo wa bahari ulinipooza. Mwili mkubwa hutengeneza joto jingi, na ngozi ya kulitolea haiongezeki kwa kiasi kile kile, kwa hiyo upepo ule niliunywa kama dawa.

Nilipoanza kukimbia, upepo uliisha.

Njia ilikuwa mizunguko miwili ya kilomita mbili na nusu, nusu lami, nusu ufukweni. Siku mbili kabla nilikuja kuikagua, nikapanga kukimbilia ule utepe wa mchanga uliolowa, mgumu kama sakafu, karibu na maji. Wale wa mbele waliupata. Lakini bahari haingoji mtu. Maji yalikuwa yanajaa, na kufikia zamu yangu utepe ule ulikuwa umeshafunikwa, nikabakiwa na mchanga mkavu unaomeza mguu mpaka kifundoni. Kila hatua unarudi nyuma kidogo. Anayechelewa hukuta njia ngumu kuliko aliyetangulia, na matokeo hayaandiki hilo.

Mapaja yalianza kuwaka. Mafuta yalikuwa yamekwishaondoka, chumvi imekauka, na pale penye mshono wa ndani, ambapo hata fundi wangu hakuweza kupasaidia, ngozi ilikuwa inasagana na chembe za mchanga. Nikawa nakimbia hatua 60, natembea 30. Nilihesabu kwa sauti.

Meza ya maji ilikuwa pale mchanga unapokutana na lami. Mzunguko wa kwanza walinipa bilauri mbili, nikanywa moja na kujimwagia nyingine shingoni. Mzunguko wa pili nilikuwa nimeiwekea meza ile roho yangu yote. Nilipoikaribia niliona wanaifunga. Kijana alikuwa anapachika bilauri moja ndani ya nyingine, mwenzake anakunja kitambaa. Saa tatu kasoro dakika kumi. Mwisho wa mashindano ulikuwa saa tatu na nusu, tuliandikiwa hivyo.

Nilinyoosha mkono. Kijana akasogeza ndoo nyuma, kwa adabu kabisa, akasema:

"Samahani, mama. Maji haya ni ya wanamichezo."

Namba yangu ilikuwa mgongoni. Kwenye baiskeli mkanda wa namba huvaliwa nyuma, ukianza kukimbia unaugeuza mbele, na mimi nilikuwa nimesahau. Lakini mkononi 147 ilionekana, shavu la mguu lilikuwa na umri wangu, na nilikuwa nimevaa vazi la triathloni lililolowa jasho na chumvi. Hakuyaona hayo. Aliona mwanamke mnene anayetembea ufukweni, akamaliza hesabu yake hapo.

Zamani ningeomba radhi. Ninajijua, ningesema samahani mwanangu, nikapita na kiu yangu, nikailia njia nzima. Siku ile niliushika mkanda, nikauzungusha kiunoni mpaka namba ikakaa mbele ya tumbo langu, nikamwambia, "Mimi ni mwanamichezo. Nimo mashindanoni. Na nyuma yangu kuna mzee mwenye kofia nyeupe, naye yumo. Msifunge."

Uso wake ulibadilika. Alitazama namba, akatazama njia nilikotoka, akamwona kwa mbali yule mzee akija na msimamizi wa baiskeli nyuma yake. Hakujitetea. Alichota bilauri, akanipa kwa mikono miwili, akachota nyingine, na nilipoanza kuondoka akakimbia nami kama mita ishirini akiishika hadi nilipoweza kuipokea. Nyuma nilimsikia akimwambia mwenzake, "Rudisha kitambaa, rudisha."

Sikumchukia. Lakini nilikuwa na hasira, na hasira ile ilikuwa safi, haikuwa na aibu ndani yake, na ilinibeba hatua 60, tena 60, tena 60, bila zile 30 za kutembea, mpaka nikaliona tao la kumalizia. Mtangazaji alisoma namba yangu. Mdogo wangu alikuwa amevua viatu ameshavuka kamba. Muda wangu wote ulikuwa saa mbili na dakika tatu, pamoja na kubadilisha viatu na kila kitu. Katika kuogelea peke yake nilikuwa wa 19 kati ya wanawake 58. Hilo nililijua baadaye kwenye karatasi ya matokeo, na karatasi hiyo ninayo.

Tulisimama karibu na tao tukamngoja mzee. Alifika dakika kumi na moja baada yangu akiwa na bilauri tupu mkononi, akanisalimia kama tunayejuana naye miaka.

Halafu nilishuka ufukweni. Bahari ilikuwa bado inajaa, imekuja karibu, haikuhitaji kufuatwa. Maji yalipofika mapajani chumvi iliingia kwenye michubuko, nikapiga ukelele, nikamshika mdogo wangu bega. Akaniuliza kama nataka kutoka. Nikatikisa kichwa. Nikajilaza chali, maji yakaninyanyua, na moto wa mapajani ukawa unapungua kidogo kidogo huku tao likivutwa chini upande wa pili wa mchanga.