Umeshamaliza?

Saa hii ni saa saba usiku na niko macho kwa ajili ya neno moja la shangazi, na najua nikizima taa nitalisikia tena, basi acha niandike.

Mnakumbuka ile bangili ya shaba niliyokuwa nahangaika nayo tangu mwezi jana, ya bi harusi wetu. Bamba lenyewe nilinunua kwa kilo kwa wauza vyuma chakavu, siku tisa za nyundo, inaanzia kwenye kifundo cha mkono inapanda mpaka nusu ya kigasha, ina mbawa mbili zinazofuatana halafu zikikaribia kugusana zinaachana, na hapo katikati ngozi inaonekana. Ile nafasi ndiyo iliyokula siku zangu. Nilikuwa nakunja milimita mbili naitazama, nafungua naitazama tena, mpaka ami akaniuliza kama nafua shaba au nafua hewa.

Alhamisi jioni nikampelekea shangazi aione, manake yeye ndiye mkubwa wetu sasa na zawadi haitoki kwenye ukoo bila kupita mkononi mwake. Nikaitoa kwenye gazeti, nikaiweka kwenye sinia kando ya vikombe vya kahawa. Akavaa miwani. Akaichukua, akaigeuza, akaigeuza tena. Halafu akaniuliza kwa upole kabisa:

"Mwanangu, hii umeshamaliza?"

"Nimemaliza shangazi."

"Ah. Haya, mashallah. Mungu akuzidishie nguvu."

Akairudisha kwenye sinia, akanimiminia kahawa, tukaanza kuhesabu mbuzi wa walima.

Basi. Ni hayo tu. Akdi imefungwa Ijumaa, kupamba Jumamosi, Jumapili bi harusi keshapanda ndege na mumewe kwenda Muscat, mdogo wangu naye kapata kazi bandarini baada ya miaka miwili ya kukaa barazani, na katika yote hayo mimi nilikuwa bado niko pale mezani, na ile "ah".

Angesema ni mbaya ningemjibu. Nina majibu ya mtu anayesema ni mbaya, nimeyazoea, walioniambia inafanana na bomba lililopasuka nimewajibu na wengine baadaye wakanunua. Lakini yeye hakusema mbaya. Ameniuliza kama mtu anayemuuliza mpishi wali umeiva, na mpishi anajua umeiva. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba amenipa nafasi ya kusema bado, na mimi nikasema nimemaliza.

Njia nzima kurudi nyumbani nilikuwa namjibu kimoyomoyo. Nilimweleza habari za Art Smith, yule mfua vito wa Marekani ninayewasumbua naye kila siku. Mtoto wa Wajamaika, kazaliwa Cuba 1917, kakulia Brooklyn, kasoma uchongaji sanamu chuoni Cooper Union, halafu akajifunza ufundi wa vito kwa mama mmoja mweusi aliyekuwa na kazi yake New York, Winifred Mason. 1946 akafungua duka lake mtaa wa Cornelia pale Greenwich Village, na jirani wasiotaka kumuona mtu mweusi mtaani kwao wakamvunjia vioo, akahamia West 4th Street, akaendelea kufua. Shaba nyekundu, shaba ya manjano, fedha. Dhahabu hakuisubiri. Ana bangili moja inaitwa Lava, imelala juu ya kigasha chote kwa mawimbi yanayopandana, nilipoiona picha yake mara ya kwanza nilikaa na simu mkononi mpaka chai ikapoa. Na alikuwa anawatengenezea wacheza dansi, Talley Beatty na wenzake, vitu vikubwa vya kuonekana kutoka kiti cha nyuma kabisa, na kwao ndiko alikojifunza ukubwa, kujua kipande kinaweza kufika wapi kabla hakijamzuia mtu kuinua mkono. Alifariki 1982, na 2008 Brooklyn Museum wakamfanyia maonyesho yake mwenyewe.

Yote hayo nilikuwa namwambia shangazi kichwani, na shangazi wa kichwani alikuwa ananisikiliza sana.

Halafu Jumatatu niko karakana nachoma bamba jingine. Kwa wasiojua, shaba ukiigonga inakuwa ngumu, sauti ya nyundo inapanda, inakuwa nyembamba kama kijiko kwenye glasi, hapo ujue imechoka na ukilazimisha inapasuka. Unairudisha motoni mpaka iwe na wekundu wa kufifia, yaani lazima ufunge dirisha ndo uuone, unaizamisha majini, inalainika upya. Nilikuwa nimefunga dirisha nasubiri ule wekundu, na gizani pale ikanijia kitu alichokuwa anakisema huyo huyo Smith, kwamba pambo peke yake halijakamilika, mtu hawezi kujua ni kitu gani mpaka likae mwilini.

Na mimi nilimwekea kwenye sinia.

Wallahi nilisimama na koleo mkononi. Kitu nilichokipima kwenye mkono wangu siku tisa, nikakivaa nikifagia, nikakivaa nikikuna nazi ili nione kama kinabana, nimekipeleka kwenye gazeti kama mkate na kukilaza kando ya vikombe. Kwenye sinia ile bangili haina nafasi ya katikati, ina tundu tu. Sasa shangazi kauliza kosa gani? Haikuwa imeisha. Mkono wake ulikuwa pale pale, na sikuomba hata nimvalishe.

Baada ya hapo nikaanza kuikumbuka ile jioni upya, taratibu, si maneno tena, mikono. Na kuna kitu sikukiona nilipokuwa nimeshikilia ile "ah". Alipoigeuza mara ya pili, kidole gumba chake kilisimama kwenye upande nilioacha alama za nyundo, kikawa kinapita juu ya vile vishimo, kinarudi, kinapita. Vile vishimo vina weusi ndani, niliuacha makusudi, sehemu zilizoinuka nimezisugua ziwake na za chini nikaziacha na kiza chake.

Sasa huyu ni mtu ambaye kila Alhamisi, tangu sijazaliwa, anatoa masinia na mabuli ya shaba ya marehemu nana, anayasugua kwa ukwaju na majivu mpaka yanakuwa kama jua, kwa sababu Ijumaa haiingii nyumbani kwake na shaba nyeusi. Alhamisi ile ile niliyokwenda, vidole vyake vilikuwa bado vina rangi ya ukwaju. Alichokiona yeye ni shaba isiyomalizwa kusuguliwa. Alikuwa ananiuliza swali la kazi. Katika ukoo mzima, ukimtoa ami, ni nani mwingine ameishika shaba miaka mingi kama yeye? Kwenye harusi watu arubaini waliniambia nzuri bila kuigusa. Yeye peke yake ndiye aliyeipapasa.

Nilicheka mwenyewe karakana, kisha nikalia kidogo, kisha lile bamba likawa limepoa ikabidi nianze tena.

Sitaing'arisha. Hata angeniambia waziwazi nisingeing'arisha, ule weusi ndio unaofanya mbawa zionekane zina unene, na upepo wa bahari utaongeza wa kwake, Muscat nako bahari ipo. Lakini nimeanza nyingine, ndogo, ya mkono mwembamba wenye mishipa, nafasi ya katikati nimeiacha pana kwa sababu ngozi ya mtu mzima inajikunja na shaba ikibana inauma. Nitaimaliza nikijaaliwa kabla ya mwezi kuandama. Na safari hii siweki kwenye sinia, namwambia shangazi nipe mkono. Naogopa tu kuomba, sijui kwa nini, ni mtu aliyenibeba mgongoni.

Basi nilale. Ila kuna jambo jingine, tangu mvua ya juzi kila asubuhi nakuta unga wa chokaa juu ya shuka, upande wa ukutani anapolala huyu mtoto mdogo. Nimemulika kwa tochi, boriti ya tatu kutoka mlangoni ina mstari ambao sikumbuki kuuona. Mwenye nyumba simu yake inaita tu. Usiku huu nimemhamishia mtoto upande wangu, na hapa ninapoandika nasikia kama kitu kinadondoka, kidogo kidogo, kama mchanga.