Mwarobaini na glibenklamidi: jinsi tulivyozuia sukari kushuka ghafla

Wagonjwa wa kisukari wanaomeza glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari ya damu, walikuwa wakitokwa jasho jembamba na kutetemeka mikono saa nne asubuhi, ilhali dozi haikubadilika. Chanzo kilikuwa sufuria ya mwarobaini. Glibenklamidi hulisukuma kongosho kutoa insulini, homoni inayoshusha sukari, hata kama mtu hajala. Mwarobaini nao hushusha sukari. Vikikutana tumboni kabla ya chakula, sukari huporomoka.

Kuuliza "unatumia dawa za kienyeji?" hakukusaidia, watu hukana wakihofia kugombezwa. Lililofungua midomo ni hili: "Mama, asubuhi unakunywa nini kabla ya chai?" Hapo chupa hutolewa mkobani: maji ya kijani yaliyokolea, uchungu wake unausikia hata kwa kunusa. Kiasi hakipimiki, maana konzi ya majani ya leo si ya kesho.

Mwarobaini ulisimamishwa, kidonge kikamezwa pamoja na kifungua kinywa, na sukari ikapimwa kila asubuhi kwa wiki mbili na kuandikwa kwenye daftari la kliniki. Kosa baya ni kinyume chake, kuacha kidonge na kubaki na majani. Sukari hupanda kimyakimya.

Kipimo kikiwa chini ya milimoli 4 kwa lita, koroga vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, mpe anywe, pima tena baada ya dakika 15, kisha ale. Aliyezimia asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali. Glibenklamidi hukaa mwilini kwa saa nyingi, hivyo jioni apimwe tena.