Maski Ilishindwa, Plasta Ikafaulu

Ushauri unaoniudhi kuliko wote wodini ni huu: "Sista, ongeza tu oksijeni, atatulia." Nilipewa na mwenzangu mzoefu, mbele ya mtoto wa miezi minne mwenye bronkiolaitisi, yaani uvimbe wa vijia vidogo vya hewa mapafuni, mbavu zinabonyea kila anapovuta pumzi. Alikuwa amevalishwa maski, lita 5 kwa dakika, na alikuwa anapigana nayo kwa mikono, kwa kichwa, kwa sauti yote aliyonayo. Ikaongezwa. Akalia zaidi, maski ikahamia kwenye jicho, na namba kwenye oksimita, kile kipimo cha mguuni kinachosoma asilimia ya oksijeni kwenye damu, haikubanduka kwenye 86.

Nikaivua. "Mama, hebu mpakate." Kisha pua: matone ya maji ya chumvi, nikanyonya makamasi taratibu. Mtoto wa umri ule hutegemea sana pua kuhema. Ikiziba, hiyo oksijeni unampelekea wapi?

Hapo ndipo nikachukua mirija ya puani, saizi ya mtoto mchanga, isiyojaza tundu lote. Na sasa ujanja wangu, ambao natamba nao hadi leo: plasta naibandika mashavuni kwanza, kabla mrija haujagusa pua. Mrija unalala juu ya plasta hiyo, ya pili inaufunika, kwa hiyo ukibadilisha mrija, ngozi haichuniki. Unazunguka masikio na kushukia mgongoni. Ukiupitisha kifuani umempa kamba ya kuvuta! Mikononi nikamvika soksi. Lita 1 tu kwa dakika, akalala, namba ikapanda hadi 94.

Namba yenyewe msiiabudu. Mguu ukiwa baridi au ukirushwarushwa, oksimita hudanganya. Shirika la Afya Duniani linasema oksijeni ianze ikiwa chini ya 90. Wazazi wengi wanataka 100, wakiona 93 wananikimbilia.

Mirija ikizidiwa, kuna mashine ya hewa ya kasi iliyopashwa moto na kutiwa unyevu, hadi lita 2 kwa dakika kwa kila kilo ya mtoto. Au ile ya viputo: ncha ya mrija wa kutolea hewa inazamishwa majini, kwa kawaida sentimita 5. Mimi hiyo naisikiliza kwa masikio. Viputo vikinyamaza, hewa inavuja mahali, na mara nyingi mirija imechomoka puani.

Akihema sana hanyonyi, tunampa maziwa kwa mpira mwembamba unaoshuka hadi tumboni. Mimi huupitishia mdomoni. Pua ina kazi nyingine.