Siku moja maishani mwangu: mama ya gato, Lubumbashi

Saa kumi na moja alfajiri nimeshaamka, kwa sababu kwetu Kampemba umeme ukiwaka usiku, usilale nao. Leo Jumamosi nina gato, yaani keki, tatu: ya harusi, ya ubatizo, na ndogo ya mtoto anayetimiza mwaka. Zote zimeagizwa ziwe na serizi, yaani cheri za sukari.

Hizo serizi ndizo nataka muzijue. Watu wanaona wekundu unaong'aa wakidhani nafungua kopo na kumwaga. Tunda hili halioti kwetu, mti wake unataka majira ya baridi kali. Linatolewa kokwa, linalowekwa katika maji yenye dawa ya salfa mpaka rangi yake itoke, kisha linakaa kwenye shira inayokolezwa siku baada ya siku hadi sukari ichukue nafasi ya maji. Wekundu ule hutiwa. Mji wa Apt, kusini mwa Ufaransa, una sifa ya kazi hiyo. Zangu nanunua kwa wanaopitisha mizigo Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na situpi hata moja.

Saa kumi na mbili naziosha kwa maji ya vuguvugu. Shira ikibaki, tunda linateleza ndani ya rojo na kwenda kulala chini. Nazikausha kwa kitambaa moja moja, nazikata nusu, nazivingirisha kwenye unga. Rojo nalo liwe zito: napima mayai, kisha siagi, sukari na unga kwa uzito uleule.

Saa mbili umeme umekata. Gato ya ubatizo bado haijaokwa, basi nahamia kwenye tanuri la makala, yaani mkaa.

Saa nne anaingia mama wa ubatizo, mkononi mfuko wa plastiki. Wiki iliyopita alionja kipande hapa akahesabu.

“Mama ya gato, unakata serizi nusu nusu juu ya kutuibia. Leo nimeleta zangu, nilinunua ku soko. Tia nzima.”

Nikafungua mfuko. Vipande vyekundu, vichache vya kijani. Nikachukua kimoja, nikakifuta, nikakipasua kwa ukucha. Serizi iliyotolewa kokwa ina tundu katikati, na ina ngozi nyembamba inayokunjamana ukiibana. Hiki kilikuwa na pembe, nyama ngumu tupu, bila tundu wala ngozi.

“Mama, hii ni papai.”

Akakasirika, na hasira akaniletea mimi, si muuzaji. Akapiga simu. Wifi yake akaja, naye akaonja, akasema ni serizi. Nikatoa yangu, nikaziweka zote mbili kwenye sahani nyeupe, nikawaonyesha tundu. Tena nikaeleza. Papai bichi lililopikwa kwa sukari na kutiwa rangi ni kitu kizuri, hata mimi nalitumia, lakini liuzwe kwa jina lake. Nikahesabu mbele yao serizi ishirini, nikazikata: nusu arobaini. Hakuna iliyopotea, na kila mgeni atakutana na yake. Wakati huo wote makala yanaungua bure, na mimi nimeacha rojo mezani, likikaa sana linapoteza pumzi. Ilikaribia adhuhuri aliponiambia, “Basi fanya vile unajua.” Nikapiga rojo jipya. Mayai yale ya kwanza ni hasara yangu.

Kuanzia hapo saa sizikumbuki vizuri. Makala juu, makala chini, mgongo unawaka, jasho linaingia machoni. Gato ya harusi nimeipakata kwenye taksi hadi ukumbini, nikiinua mapaja kila shimo la barabara. Ile ndogo walikuja kuichukua, nadhani saa tisa.

Jua linashuka nimesawazisha kichwa cha gato ya ubatizo kwa kisu kirefu, na pembeni nikachonga ukanda mwembamba iwe wima. Nikaulaza ule ukanda ubaoni kuutazama: nusu nyekundu juu, nusu katikati, nusu karibu na chini, na mkate umezishika zote bila shimo pembeni yake.

Mama wa ubatizo alipofika sikusema neno, nikamsogezea ule ubao. Akainama akatazama sana. Akala ukanda wote akiwa amesimama, akalipa salio lote, akabeba gato yake. Mfuko wa papai akauacha mezani.