Jua la Kampala Halipimwi kwa Jasho

Wakazi wengi wa Kampala hupima ukali wa jua kwa jasho. Siku ikiwa na upepo wa ziwani na mawingu mepesi, mtu hutoka kichwa wazi na mikono wazi, akiamini kwamba jua la leo ni la huruma. Kipimo hicho hakifai, kwa sababu joto tunalolihisi na mionzi inayoiharibu ngozi ni vitu viwili tofauti. Mionzi hiyo, iitwayo urujuanimno (UV), haionekani kwa macho wala haileti joto la kumshtua mtu, na sehemu kubwa yake hupenya mawingu mepesi. Mji wetu uko kwenye kimo cha takribani mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, karibu na mstari wa ikweta unaoikata barabara ya Masaka pale Kayabwe. Kimo hicho hutupa hewa nzuri, lakini pia huipunguza hewa iliyopaswa kuichuja mionzi, ambayo huongezeka kwa takribani asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Ndiyo maana mkulima wa Kabale anayeamka na sweta kwa baridi anaweza kupigwa na mionzi mikali zaidi adhuhuri kuliko mvuvi wa Mombasa anayelowa jasho, ikiwa anga zote mbili hazina mawingu.

Saa nazo zinahitaji kuangaliwa. Uganda hufuata saa moja na Kenya na Tanzania ingawa sisi tuko magharibi zaidi, kwa hiyo jua la Kampala hufika utosini karibu na saa saba mchana, wakati ambao wafanyakazi wengi ndio kwanza wanatoka kutafuta chakula. Saa kali ni kuanzia kama saa nne na nusu asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, karibu mwaka mzima. Asiyetaka kuhesabu saa na atazame kivuli chake: kikiwa kifupi kuliko yeye mwenyewe, jua ni kali.

Kinga ninayoipendekeza kwanza ni nguo, kabla ya losheni ya kukinga jua. Losheni nzuri ni ghali, watu huipaka kwa kuibania, nayo hutakiwa kurudiwa kila baada ya saa mbili na baada ya jasho jingi. Shati la mikono mirefu hulipaki, na ukilivaa asubuhi linafanya kazi mpaka jioni. Hata hivyo, mashati hayalingani. Fulana nyeupe nyembamba ya pamba huweza kupitisha kati ya sehemu moja ya tano na sehemu moja ya saba ya mionzi, na ikilowa hupitisha zaidi, jambo ambalo watoto wanaoogelea Entebbe na fulana mwilini hawalijui. Jinzi hupitisha kiasi kidogo mno. Yanayoamua ni msongamano wa nyuzi, unene, rangi na aina ya uzi: kitambaa kilichofumwa kwa kubana hushinda kilicholegea, rangi iliyokolea hushinda iliyopauka, na poliesta kwa kawaida huizuia mionzi vizuri kuliko pamba ya uzito ule ule. Nguo inayobana mwili hutanuka na kufungua matundu yake, kwa hiyo vaa inayopwaya kidogo.

Ninapochagua mitumba katika soko la Owino, hulinyanyua shati kuelekea kwenye mwanga na kuingiza mkono ndani. Nikiviona vidole vyangu waziwazi, hulirudisha kwenye rundo, hata muuzaji akiniapia kwamba limetoka Italia. Shati la ofisini lililofumwa vizuri, la buluu iliyokolea, mara nyingi huuzwa kwa bei nafuu kuliko fulana yenye jina la timu, na ndilo bora kwa mtu anayekwenda shambani au anayeuza ndizi kando ya barabara. Waendesha bodaboda wetu, ambao huvaa majaketi mazito mbele nyuma kwa ajili ya upepo na vumbi, wamejikinga kifua na mikono vizuri kuliko wanavyodhani. Kilichobaki wazi ni migongo ya viganja, ambayo glavu nyepesi zingeikinga. Kanzu nayo imekuwa ikiifanya kazi hiyo tangu zamani, kwani hufika kwenye kifundo cha mkono na cha mguu.

Kofia ya mdomo mmoja wa mbele huacha masikio na shingo nyuma. Kofia ya pama, yenye ukingo wa angalau sentimita 7 pande zote, ndiyo kofia hasa. Mwavuli husaidia pia, ila sehemu ya mionzi hutawanywa angani na kukufikia kutoka pembeni, na aliye ndani ya mtumbwi huongezewa ile inayorushwa na maji. Dereva wa taksi aliyefunga dirisha asijione salama: kioo cha kawaida cha pembeni hupitisha mionzi inayochakaza ngozi na kuipa mabaka, na mkono wake wa kulia ndio unaolipa.

Najua jibu la wengi: ngozi yetu nyeusi inajilinda yenyewe. Ni kweli kwa sehemu kubwa, na sipendi vitisho vya saratani ya ngozi vinavyonakiliwa kutoka Australia kana kwamba sote tuna hatari ileile. Melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, hutukinga, lakini haizuii mabaka meusi usoni wala makunyanzi. Anayejichubua kwa krimu huibomoa kinga hiyo kwa mikono yake. Kuna pia dawa zinazoifanya ngozi iwe nyepesi kuungua, zikiwemo doksisaiklini na Septrin. Mtumiaji asiziache, avae mikono mirefu.

Kwa mwenye ualbino, mambo ni mengine kabisa. Kwake saratani ya ngozi ni hatari ya kweli, nayo huweza kumjia akiwa bado kijana. Shule inayomlazimisha mtoto huyo kuvaa kaptura na shati la mikono mifupi, kumvua kofia wakati wa gwaride la asubuhi na kumpeleka uwanjani saa sita, inamdhuru kwa jina la nidhamu. Sare ya mikono mirefu inayoshonwa na fundi yeyote wa cherehani, kiti mbali na dirisha na michezo ya saa kumi na moja jioni haviidhoofishi shule yoyote. Yeye pia anahitaji losheni yenye kipimo cha kinga (SPF) cha 30 au zaidi usoni na mikononi, ambako nguo haifiki.

Macho husahaulika, na hapa Uganda hilo ni kosa kubwa. Saratani ya utando unaofunika weupe wa jicho inahusishwa na mionzi ya jua pamoja na virusi vya UKIMWI, na rejista ya saratani ya Kampala, iliyoanza mwaka 1951, ilionyesha kwamba saratani hiyo iliongezeka sana UKIMWI ulipoenea. Miwani inunuliwe ikiwa na alama ya UV400, inayoonyesha kwamba huzuia mionzi hiyo, maana weusi wa kioo pekee si dalili ya kinga. Nyama inayoota kwenye weupe wa jicho, au kidonda cha ngozi kisichopona kwa mwezi mzima, kionyeshwe kwa daktari badala ya kutiwa dawa ya dukani.