Miaka 34 nikijiita mvivu

Leo nimetoka kwa mshauri wangu, nikapanda matatu ya Ngong Road nikilia, na sikuona haya.

Mwaka jana nilipoambiwa nina ADHD, hali ya ubongo inayofanya iwe vigumu kutulia na kumakinika, nikiwa na miaka 34, nilifurahi kama wiki moja hivi. Kisha huzuni ikanishika. Nikakumbuka ripoti zote za shule, "ana akili lakini hajitumi", na kazi mbili nilizopoteza. Dawa inanisaidia kutulia, lakini haikuiondoa ile sauti ya kujilaumu. Hiyo ndiyo tunayoishughulikia kwa mazungumzo. Mshauri huniuliza: kodi ilipochelewa, ulijiambia nini? Nasema, kwamba mimi ni mtu bure. Basi tunaipima ile kauli pamoja, tuone kama ina ukweli. Pia tunazigawa kazi vipande vidogo: si "safisha nyumba", ni "osha sufuria ya ugali".

ADHD haiponi kwa kuzungumza, aliniambia hivyo siku ya kwanza. Ila huanza utotoni, kwa hiyo yule mtoto aliyechapwa kwa kusahau daftari hakuwa mtukutu. Jioni hii nimempigia mama nikamwambia hivyo. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Pole, mwanangu."